Chupa za Mawese za Mama Furaha

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu aibu yake bado ninayo. Wewe unaanza kufundisha watoto wadogo mambo ya plastiki, basi kaa kidogo nikuambie nilivyoharibu mimi.

Nilikuwa mwalimu kijana hapa Goma, mjuaji wa kila kitu. Mvua ikinyesha, chupa na mifuko vilikuwa vinateremka juu ya mawe meusi ya volkano mpaka ziwani, na roho iliniuma. Nikawaambia watoto wangu, wa miaka mitano hivi: kesho kila mmoja alete chupa tupu, atakayeleta nyingi tutampigia makofi. Nilijiona mjanja kweli!

Kesho yake Furaha, katoto kapole, akaja na chupa saba. Tukampigia makofi mpaka akacheka. Mikono yake ilikuwa myekundu na inateleza, lakini sikuuliza.

Makofi hayajaisha, mama yake akaingia. Alikuwa anauza mawese barabarani, na chupa zile ndizo alizokuwa anatilia mafuta. Mtoto alikuwa ameyamwaga yote nyuma ya nyumba, ili chupa ziwe tupu kama nilivyosema.

"Nani alikutuma?" mama akauliza, fimbo mkononi.

Furaha akanitazama. Nami, mwanangu, nilinyamaza. Niliogopa kufukuzwa kazi.

"Ni miye tu," mtoto akasema, akanyoosha mikono apigwe.

Hapo nilishindwa. Nikasimama katikati yao, machozi yananitoka. "Mama Furaha, unisamehe. Ni miye nilimutuma mutoto."

Akaweka fimbo chini. "Madamu, hii chupa haiko takataka. Niko naitumikisha tangu mwaka jana. Ungeniuliza, ningekufundisha."

Na kweli alifundisha. (Mafuta yake nilimrudishia, usiwe na wasiwasi.) Juma lililofuata alikuja darasani na kisu na bidoni iliyotoboka, lile dumu la plastiki la mafuta. Akakata sehemu ya juu ikawa faneli ya kumiminia mafuta, na ya kando ikawa beseni la kunawia mikono. Watoto walimzunguka wakishangaa, na Furaha alijivuna siku nzima. Nilimpenda yule mama.

Kwa hiyo, mwanangu, wafundishe wadogo wetu wasitupe plastiki ovyo, ni kazi nzuri sana. Lakini waulize kwanza nyumbani: hii bado inatumika? Isiyotumika ndiyo muikusanye. Waite na mama zao darasani, maana wengi waliianza kazi hii kabla yetu sisi wenye chaki.

Na mtoto akikosea kwa sababu alikutii, usimwache peke yake hata dakika moja. Mimi nilimwacha, na mtoto wa miaka mitano ndiye aliyenikinga. Mungu akubariki, na watoto wako wakikutazama kwa hofu, wakukute umeshasimama.