Nilipompelekea Kaka Mlo Usio na Nafaka

Nilikwenda Upare kwa sababu ya simu ya wifi yangu, Nakundwa. Alisema kidonda cha mguu wa kaka yangu Elisante kimeanza kunuka, na mwenyewe hataki kushuka hospitali. Kaka ana kisukari. Ninyi mnaonisoma mnaijua kazi yangu: hapa Arusha napika milo ya jioni kwa wanaokula kwa mtindo wa watu wa kale, bila nafaka, bila kunde, bila maziwa wala sukari. Miezi miwili kabla ya simu hiyo kaka aliniomba nimfundishe, nami nikamtumia ujumbe wa sauti, mlo mmoja baada ya mwingine. Baadaye akaniambia suruali zinamvuka kwa kupungua. Nikampongeza.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka na nazi nne kwenye kikapu. Kule mlimani nazi hazipatikani kirahisi, na mlo niliotaka kumpikia unazihitaji.

Mjini Mwanga nilishuka kununua perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu. Perege ndiye mlo wa jioni ambao wateja wangu hawauchoki, na hauna ugumu wowote. Mchane ubavuni, mpake chumvi, limau na tangawizi iliyotwangwa, mwache nusu saa, kisha mchome kwa moto mdogo. Pembeni weka mnavu. Uchemshe kwanza, mwaga yale maji ili uchungu upungue, ndipo uukaange na kitunguu. Mama aliyeniuzia aliniuliza kama nitamla na sembe au dona.

"Bila ugali, mama."

"Mboga tupu? Sasa utashiba na nini, mwanangu?"

Nilicheka, nikapanda gari jingine.

Lembeni sikushuka. Pande zote mbili za barabara mahindi yalikuwa yamekauka kabla hayajafika kiunoni, na mzee mmoja alikuwa anayang'oa kuwapa mbuzi. Nikawaza kwamba mwaka huu wengi watakula bila nafaka, na hawatakuwa wamechagua.

Same, saa tano na nusu, nilipata gari la kupanda mlimani. Dereva aliona nazi na samaki, akauliza naenda kwenye sherehe gani. Nikamwambia nampikia kaka ambaye hali ugali wala makande.

"Mpare asiyekula makande? Huyo si mzima, dada."

"Si mzima kweli. Anaumwa."

Basi akaendesha taratibu kwenye kona.

Mbaga, kwa kaka, saa nane mchana, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Harufu niliisikia kabla sijaingia ndani. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu umefungwa kanga ya wifi, mashavu yameingia ndani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kunipikia au kunizika?"

"Nimekuja kukupeleka hospitali."

"Basi nipikie kwanza. Nikifia huko nife nimeonja nazi."

Gari la kushuka lingeondoka alfajiri, kwa hiyo nilikuwa na jioni nzima. Perege nilimkabidhi wifi, kaka nikampikia kuku wa kienyeji. Kuku huyo umchemshe hadi alainike, maana akiwa mgumu hata tui zuri halimsaidii. Ongeza majani machanga ya maboga yaliyomenywa nyuzi, kisha tui zito mwishoni, ukikoroga ili lisikatike. Hakuna unga wala mchele, na hutavihitaji. Kaka alikula akamaliza, akanyonya hadi mifupa. Kwa dakika chache nilisahau ile harufu.

"Haya, kaka. Vidonge."

Wifi alileta mfuko wa dawa. Ulikuwa umejaa.

"Mbona viko vingi hivi?"

"Niliacha kuvimeza tangu niache ugali," kaka alisema. "Imeandikwa ninywe baada ya chakula. Nami sijala chakula, nimekula mboga."

Nilidhani ananitania. Nilimtazama wifi.

"Zamani asubuhi alikuwa anakula kiporo cha makande, ndipo anameza," wifi alieleza. "Siku hizi ni chai na yai. Jioni ndiyo hizo mboga zako. Dawa ile ni kali, wifi. Kwenye tumbo tupu si ingemuunguza?"

Niwaeleze, hasa ninyi mliokulia mbali na jiko la namna hii. Kwetu, chochote kinacholiwa pamoja na ugali huitwa mboga, hata kama ni nyama au samaki. Mtu aliyeshiba nyama bila ugali anaweza kukuambia kwamba bado hajala, na hasemi uongo. Neno hilo nimelijua tangu utotoni. Usiku ule nilisikiliza upya ujumbe wangu wote katika simu ya kaka. Katika kila mmoja nilikuwa nimesema, "Leo pika mboga hii." Neno chakula sikulitamka hata mara moja.

Jumapili asubuhi tulikuwa Same hospitalini. Daktari, mwanamke mpole, alifungua kile kitambaa, akakifunga tena polepole. Alisema kukonda kule, kule nilikokupongeza, kulitokana na sukari kupanda bila dawa ya kuizuia. Mguu haukuwa wa kuokoa.

"Tukate wapi?" kaka aliuliza, kama anayepima ubao.

"Chini ya goti, tukibahatika."

Walikata Jumanne. Nilibaki siku kumi, nikipika kwa jamaa anayeishi karibu na hospitali. Kila mlo nilimwuliza daktari kwanza. Alikubali perege na mnavu, na akakubali mayai na kisamvu. Ndizi za kuchemsha alinipimia kwa mkono wake, vipande vitatu tu. Kaka alikuwa anatazama sahani, kisha ananitazama mimi.

"Hiki ni nini?"

"Ni chakula, kaka."

Hapo ndipo alinyoosha mkono kupokea vidonge.

Nilirudi Arusha, na bado napika milo ile, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye samaki wala kwenye mnavu. Nilichobadilisha ni namna ninavyofundisha. Mtu yeyote mwenye dawa namwomba aende kwa daktari wake kabla hajaacha nafaka, aulize dawa zitakwendaje na mlo mpya. Akirudi, simpi maelekezo ya kupika mara moja. Namwuliza kwanza: ukila samaki na majani peke yake, wewe mwenyewe utasema umekula? Akisita, tunakaa hapohapo tuzungumze mpaka tuelewane. Usione aibu kusita. Kaka yangu si mjinga, wala wifi. Waliitii karatasi ya dawa kwa makini kuliko mimi nilivyoyapima maneno yangu.

Juzi nilipiga simu saa moja jioni. Wifi alisema wameshakula, samaki na mnavu. Kabla sijauliza zaidi nilimsikia kaka nyuma yake.

"Mwambie nimekula chakula na dawa nimemeza. Nimebaki na mguu mmoja tu, na huu siuachii."