Babu na Baiskeli ya Mfaransa

Leo nimemwomba babu msamaha, na babu tulishamzika Sagalla.

Miaka yote alituambia baiskeli yake, aliyoinunua miaka ya hamsini akifanya kazi shamba la mkonge, ni ya Mfaransa.

Tukamcheka. Nani hajui baiskeli za enzi hizo zilitoka Uingereza?

(Mliocheka na mimi mko hapa, na mnajijua.)

Leo nimeipeleka kwa fundi Mwakio hapa Voi, afungue pale pedeli zinapozungukia. Upande wa cheni mafundi wetu hufungua kinyume, maana za Kiingereza ndivyo zilivyo.

Akasukuma kinyume. Akailalia spana kwa uzito wake wote. Wapi.

Kumbe muda wote alikuwa anaikaza.

Akajaribu njia ya kawaida. Ikafunguka.

Akaperuzi simu yake, akanitazama. "Hii ni ya Mfaransa. Nani alikuwa anabisha?"

Nikatoa simu yangu.

Nikampigia nyanya, nikamweleza. Akacheka taratibu.

"Basi na ile hadithi yake ya kuendesha baiskeli hiyo kutoka Voi mpaka Taveta kwa siku moja, kuja kuniposa, muiamini. Aliniposa akiwa amekaa. Miguu ilikataa kusimama."