Obedi na Goli Lililokuwa Linahama

Enzi zetu, na nikisema enzi zetu namaanisha miaka sita iliyopita, goli la mpira hapa Tunduma lilikuwa na namba za usajili. Msinicheke. Niko kidato cha nne, nina ndevu saba, na mimi nina haki ya kukumbuka.

Foleni ya malori ya kwenda Zambia ilifika hadi mtaani kwetu, na mengine yalikaa siku tatu bila kusogea. Uwanja hatukuwa nao. Basi tulichagua lori lililotulia, na ile nafasi ya chini ya tela, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, ikawa goli. Goli la pili lilikuwa mawe mawili tu, na kipa wake alichomwa na jua. Mpira wetu wa mifuko na kamba ulinuka dizeli. Pembeni utingo alikaanga dagaa kwenye jiko la mkaa, na ukipaisha mpira ukaingia kwenye sufuria yake, mechi imeisha, kimbia.

Shida ni kwamba foleni husogea. Siku moja mpira ulibaki chini ya tela na dogo mmoja akajipenyeza kuufuata wakati lori linataka kuondoka. Dereva Mzambia alishuka akifoka kwa Kibemba, "Iwe! Fumapo!" yaani wewe, toka hapo, na dogo akatoka huko mbio kama panya. Jioni hiyo wazazi walitaka kutukataza kabisa. Tukajitungia sheria: breki za lori zikitoa upepo, ile pshiii, mpira umekufa. Kila mtu anasimama alipo na kunyoosha mikono juu. Beki wa mwisho peke yake ndiye anayekimbia. Anarudi kinyumenyume hadi golini, macho yakituangalia sisi ili ahakikishe hakuna aliyeibia hatua, anatanua mikono kuzuia watoto, halafu anatembea sambamba na goli mpaka lisimame.

Beki huyo alikuwa Obedi, jirani yetu, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu, mrefu, mpole, na mwenye miguu ya kuazima. Mimi nilikuwa kipa. Alikuwa nahodha kwa sababu moja tu: hakuna mwingine aliyekubali kufanya ile kazi ya kurudi nyuma.

Mama yake hakuupenda mpira hata kidogo. Obedi alikuwa amemaliza darasa la saba na hajachaguliwa kuendelea, na babu yake wa Mbebe, kule milimani Ileje, alikuwa anataka mtu wa kulima. Timu yetu ilipoitwa Vwawa kucheza mbele ya kocha aliyekuwa anatafuta vijana, mama alisema mbele yetu sote, "Nenda. Wasipokuchukua, Jumatatu unapanda gari la Mbebe. Viazi vinasubiri huo mgongo." Obedi akajibu, "Sawa, mama." Kaanza kufunga begi kabisa. Huyo ndiye nahodha wetu.

Vwawa tulikuta uwanja wenye nyasi na nyavu, uko kando ya barabara kuu. Tulitangulia kufunga. Zikabaki dakika chache, wenyeji wakapata mpira katikati, na barabarani lori likapunguza mwendo.

Pshiii.

Tukasimama. Timu nzima, mikono juu, kama tumevamiwa na majambazi. Refa akadhani tunadai mtu wao ameotea, akapunga mkono, "Cheza! Hakuna!" Mshambuliaji wao alikuja akiwapita wenzangu kama anapita kwenye shamba la mahindi. Akanipita na mimi, ambaye naona aibu kusema nilikuwa nimenyoosha mikono kuliko wote. Akapiga kwenye goli tupu.

Halikuwa tupu. Obedi alikuwa kwenye mstari, mikono kaitanua, macho yanatuangalia sisi. Mpira ulimgonga kifuani ukarudi ulikotoka. Tukashinda.

Kocha alikuja mbio hadi kofia ikamdondoka. "Wewe! Mpira haujapigwa, wewe umesharudi. Ulijuaje?"

"Nilisikia, mwalimu," Obedi akasema. Huyu mtu hajui kudanganya.

"Ulisikia nini?"

Nikamkanyaga mguu kwa njumu zangu zote.

"Nilisikia tu."

"Beki anayesikia hatari!" kocha akawaambia wenzake, akamchukua palepale. Jumatatu gari la Mbebe liliondoka bila yeye. Mama yake alitazama begi lililofungwa, akasema, "Basi beba hilohilo."

Leo Obedi ni nahodha wa klabu ya ligi kuu, ambayo siitaji kwa sababu wenye timu nyingine mtaacha kusoma. Redioni wanamsifu kwamba anarudi nyuma mapema na hageuzi mgongo. Mimi najifanya nasoma kitabu changu cha fizikia.

Siku hizi malori yanaegeshwa ndani ya ukuta. Watoto wa mtaani wana magoli ya chuma yasiyokwenda popote, wana jezi zenye majina, na wakianguka kidogo wanaitisha marudio kwenye simu. Desemba Obedi alikuja likizo, tukaingia kucheza nao. Mimi golini, yeye mbele yangu, watoto wanapiga picha kuliko wanavyopiga mpira. Mara lori la matofali likasimama kule barabarani.

Pshiii.

Nikanyoosha mikono. Obedi akaanza kurudi kinyumenyume, mikono kaitanua, akaenda moja kwa moja mpaka pale ambapo goli lingekuwa limefika kama lingekuwa linatembea. Hatua kumi na kitu pembeni ya nguzo. Katoto ka darasa la nne kakatupita, kakafunga taratibu, kisha kakageuka kututazama.

"Kaka nahodha, mbona umeondoka golini?"

Obedi alinitazama. Nilimtazama. Mikono yangu bado ilikuwa juu.

"Ni goli," akamwambia. "Kwa sheria zenu, ni goli."