Mukimo wa Majengo

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa akina mama wanaowapelekea wazee chakula nikiwa nje ya kanisa nikitafuta choo. Niliporudi nilikuta watu wanapiga makofi, nami nikapiga, kisha nikauliza tunampongeza nani.

Tangu siku hiyo nimeomba kuliko nilivyowahi kuomba. Si yale maombi mazuri ya kusimama mbele ya watu. Ni yale ya kupanda mlima na mzigo huku manyunyu ya Julai yakinipiga usoni: "Bwana, nipe nguvu, au unipe mwenyekiti mwingine." Nguvu alinipa, kidogo kidogo, kama mtu anayempimia jirani sukari. Zilipoisha nilimlalamikia waziwazi, na Jumatano iliyofuata nilijikuta tena namenya viazi. Sijui imani ya wengine hufanya kazi vipi. Yangu hufanya hivyo.

Aliyenikosesha usingizi ni nyanya mmoja Mwislamu aliyepanga chumba mtaani Majengo, nyuma ya msikiti. Miguu yake ilikuwa imekataa kutembea, na hakuwa na mtoto wala ndugu wa karibu. Tulimpelekea mukimo laini, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja, usiohitaji meno. Alitukaribisha vizuri, akashukuru, akaonja kijiko kimoja, kisha akasukuma sahani kando. Wiki nenda, wiki rudi, ikawa hivyo. Mikono yake ilizidi kukonda, nami nikaanza kuogopa kwamba Jumatano moja tutafika tukute majirani wanatoa jeneza.

Tulikaa kikao. Makamu wangu, mwalimu mstaafu, alisema hivyo ni vita vya kiroho, tuongeze maombi. Tukaongeza. Na makamu akishika maombi, ameshika. Huanzia kuumbwa kwa dunia, akaingia serikalini, akawakumbuka wanafunzi na bei ya majani chai, akapitia Kianjokoma alikoolewa bintiye, ndipo arudi Majengo. Muda huo wote sahani iko wazi, kwa sababu kwetu chakula kilichofunikwa hakiombewi. Baraka itaingilia wapi?

Mimi nilikuwa na wazo langu. Nilijiambia nyanya anaogopa kwamba chakula chetu si halali. Basi nikamwendea mwenye bucha aliye karibu naye, Mwislamu pia, nikamwomba kwa heshima zote atusaidie kuchinja.

"Niwachinjie nini, Chairlady?"

"Chakula ya nyanya. Tunataka ikuwe halali kabisa."

"Kwani mnampikia nini?"

"Mukimo."

Aliweka kisu chini. "Sasa mama, hapo nichinje gani? Viazi ama mahindi?"

Wateja walicheka hadi mmoja akajishikilia ukutani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenye bucha alipomaliza kujifuta machozi aliniuliza, kwa upole sasa, "Lakini yeye mwenyewe mmewahi kumuuliza?"

Hatukuwa tumemuuliza. Tulikuwa tumemwombea tu. Niliteremka kutoka pale nikiwa nimejikasirikia sana.

Jumatano hiyo nilimuuliza nyanya kabla hotpoti yetu ya kutunza joto haijafunguliwa. Alimtupia jicho makamu, ambaye alikuwa ameshafumba macho, kisha akaniashiria nisogee.

"Mwanangu, mimi sina neno na dini yenu," alininong'oneza. "Lakini mukimo mnaniletea unatoa moshi, mnaufunua, halafu mnaomba mpaka unakuwa baridi kama udongo. Koo langu haliwezi kitu baridi. Nami naona haya kuwaambia. Nyinyi ni wageni wangu."

Nilifungua hotpoti, nikapakua. Makamu alivuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayeanza safari ndefu. Nikamwahi.

"Bwana, asante. Amina."

Makamu alifumbua macho akanitazama kana kwamba nimemwibia kuku. Nyanya alikuwa ameshashika kijiko.

Alikula. Alikula akipuliza, akaomba aongezewe, akala tena mpaka sahani ikabaki nyeupe. Mimi niligeukia dirisha nikajifanya naangalia nguo za jirani kwenye kamba, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka makamu ayaone akadhani ni ya toba.

Nyanya alinawa, akajipangusa, akapigapiga mkeka kando yake. "Njoo ukae hapa, mwenyekiti. Mimi mmeniombea sana. Wewe, nani anakuombea?"

Nilifikiri. Makamu naye alifikiri, nilimwona. Katika safari zake zote, kwangu hakuwahi kupitia.

Nyanya alifungua viganja vyake, vile vilivyokonda, akaanza kuniombea dua. Aliuombea mgongo wangu, ambao kumbe aliniona nikiushika kila nilipoinuka. Akawaombea watoto wangu, shamba langu, na moyo wangu usichoke. Mukimo wetu sisi, ule tuliobeba wa kula njiani na tukaupakua hapo, ulikuwa wazi mapajani mwetu unapoa. Miguu yangu ilikufa ganzi kwenye mkeka. Nilibaki nimeinamisha kichwa, nikitumaini kwamba bado hajafika karibu na mwisho.