Msimu Tuliofunga Mtambo

Mume wangu alipofariki, ukoo ulikaa kikao nyumbani kwetu Njombe na kuamua, kabla hata sijaulizwa, kwamba yadi ya nguzo iliyoko Makambako aichukue mdogo wake. Mimi nilikuwa muuza mbegu za viazi sokoni. Nguzo za umeme nilizijua kwa kuziona zimesimama barabarani. Nikasema yadi nitaiendesha mwenyewe. Shemeji alicheka, kisha akaona sicheki.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Tunanunua miti ya milingoti kwa wakulima, tunaimenya magome, tunaikausha, halafu tunaiingiza kwenye mtambo, pipa refu la chuma ambamo dawa ya kuzuia mchwa na kuoza husukumwa mpaka ndani ya mti. Nguzo ikitoka huwa ya kijani, na huendelea kudondosha dawa. Pale kwetu ilidondokea kwenye udongo mtupu.

Masika ya kwanza walikuja wanawake watatu wanaolima vinyungu, bustani za bondeni chini ya yadi yetu. Mkubwa wao alinisalimu, "Kamwene, mama," akaweka mbele yangu kabichi ambazo majani yake yalikuwa yameungua pembeni.

"Hatujaja kugombana," alisema. "Twende ukaone."

Nilivaa buti nikawafuata. Nyuma ya uzio wetu maji ya mvua yalikuwa yamechimba kijifereji kinachoshuka hadi bondeni, na nyasi za kandokando zilikuwa zimekufa. Mama yule alisema ameacha kunywesha ng'ombe pale, na mboga anaogopa kuwapa wajukuu.

Nilirudi nikamwita msimamizi wa yadi, mtu aliyefanya kazi na mume wangu tangu mwanzo.

"Dawa inayodondoka huwa inaenda wapi?"

"Inazama chini, mama. Siku zote inazama chini."

Nilitazama mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka, naye hakuwa na glavu. Nikamwambia azime mtambo.

Wakati huo tulikuwa na oda kubwa ya mkandarasi anayepeleka umeme vijijini. Nilimpigia simu nikamweleza ukweli wote, nikamwomba anisubiri nijenge sakafu ya kuzuia dawa isizame. Alinisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Mama, mimi nanunua nguzo, sinunui bonde." Oda akaipeleka kwingine.

Shemeji alikuja kutoka Njombe siku iliyofuata, hata chai hakunywa.

"Unafunga mtambo msimu wa kazi? Yadi zote hapa zinadondosha dawa!"

"Mimi nimeitwa kuona ya kwetu, shemeji."

"Kaka angekuwepo asingekubali."

Hilo liliniuma, kwa sababu huenda lilikuwa kweli. Nilimjibu kwamba kaka yake hayupo, na wanaokula mboga za bonde lile wapo.

Niliwakusanya wafanyakazi karibu na lundo la magome. Niliwaambia hakuna atakayerudishwa nyumbani: tutamwaga zege, tutaezeka paa juu ya sehemu ya kudondoshea, tutachimba tangi la kukusanya dawa ili irudi kwenye mtambo. Mshahara unaweza kuchelewa, ila hautakatwa. Wawili waliondoka wiki hiyo hiyo, mafundi wazuri, na sikuwalaumu. Walikuwa na watoto shuleni. Waliobaki walishika sepetu. Gari la marehemu nililiuza ili kununua saruji na mabati. Nikawa napanda basi, na sokoni Njombe wenzangu wakanihurumia waziwazi, kana kwamba nimefiwa mara ya pili.

Nilikwenda pia ofisi ya mazingira, nikaeleza mwenyewe kilichotokea. Mtaalamu alichukua udongo wa bondeni akaupima, akasema pasilimwe mboga mpaka atakapojiridhisha. Wanawake wale wangekula nini? Eneo la juu la yadi, ambalo mvua haiteremshii dawa, mume wangu alikuwa amelitenga la kupanga mbao. Niliwapa walime humo.

Tulipowasha mtambo tena, nguzo za kwanza zilikuwa fupi, za uzio wa mkulima mmoja wa chai kule Lupembe. Zilitolewa zikalazwa juu ya zege. Dawa ikateremka kwenye mfereji, ikaingia tangini. Msimamizi alisimama akiitazama, glavu mikononi, akasema, "Kumbe tulikuwa tunamwaga nyingi hivi!" Kuanzia hapo tulinunua dawa kidogo kuliko zamani. Faida ya mwaka ule hata hivyo ilikuwa ndogo, na kwenye kikao cha ukoo nilisema hivyo bila kuipamba. Shemeji alitaka nikabidhi funguo. Mama mkwe aliuliza kama kuna mfanyakazi aliyeachishwa. Nilipojibu hakuna, akasema mazungumzo yameisha, chakula kipakuliwe.

Wateja wamerudi polepole, wengine wapya. Kabla ya kupokea oda nawaambia bei yetu inabeba sakafu, paa na glavu. Anayeona ni ghali namtakia safari njema. Bonde bado halijaruhusiwa kulimwa. Kila mtaalamu anapokuja kupima, nashuka naye mwenyewe, na wale wanawake watatu hunisubiri ng'ambo ya kijito cha bondeni waniulize majibu. Mara ya mwisho mtaalamu alisema udongo unaanza kuwa na nafuu. Niliwapa habari kama alivyoisema, nikawaambia tutapima tena baada ya mvua.