Sarafu ya Mama Kevin

Usinitazame hivyo. Najua unafikiria nilikuwa nimefanya shifti mbili mfululizo nikaota macho wazi. Ilikuwa Jumamosi, nimelala vizuri, sijakanyaga kazini. Niliyoyaona niliyaona.

Mimi hukusanya sarafu za yuro zenye sura za Mapapa, zile za Vatikani zinazotengenezwa chache. Nazisaka mtandaoni usiku na mchana, na kila moja imenitoa jasho. Sasa Mama Kevin, mwenzetu wa huku ughaibuni anayeishi mji wa Woodbury, baada ya kuona zangu, naye akaanza. Kaka yake ni padri anayesoma Roma, kwa hiyo yeye anaomba tu, analetewa.

Siku hiyo jumuiya yetu ilisali kwake. Baada ya rozari na chai akatoa sarafu mpya ya yuro mbili yenye sura ya Papa, inang'aa ndani ya kiboksi chake. Ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa nimeitafuta nikaikosa. Watu wote wakainuka kwenda kuiona. Zangu hazijawahi kuinukiwa na mtu. Nikasema "Hongera," nikarudi kwenye chapati yangu. Wivu, ndiyo. Ungekuwa wewe?

Nilipotoka, giza la mapema la majira ya baridi lilikuwa limeshaingia. Mama mmoja mzee akaniomba lifti. Alikuwa amekaa nasi sala yote, nami nilidhani ni mgeni wa Mama Kevin. Jumuiyani nani humuuliza mgeni ameletwa na nani?

"Nitashuka popote njiani, mwanangu," akasema.

Alikuwa amevaa ndala. Theluji imejaa kila mahali, na ndala zake ni kavu. Niliona, nikajiambia ni macho yangu.

Tulipoingia barabara kuu ya 94 akasema, "Ile sarafu imekuuma."

"Ni nzuri, mama."

"Unataka uwe nayo, ama unataka yeye asiwe nayo?"

Tulikuwa wawili tu garini. Ningedanganya kwa ajili ya nani?

"Asiwe nayo," nikasema. "Ama hiyo sura ifutike tu, tuone wataangalia nini."

"Sawa," akajibu, kama mtu aliyeombwa kupitisha chumvi.

Nikageuka kumuuliza atashukia wapi. Kiti kilikuwa kitupu. Gari liko kasi, milango imefungwa, na mkanda wa kiti chake bado umefungwa vilevile alivyoufunga.

Sijafika kwangu Crystal, simu ikalia. Mama Kevin alikuwa analia.

"Ile coin imekuwa plain, dada. Sura imeisha kabisa, na boksi hata sijafungua." Kisha akauliza, "Na yule mama uliyekuja naye, umemfikisha salama?"

Nikakata simu. Lakini sikufichi, kuhusu sarafu nilifurahi, na usiku huo nililala usingizi mtamu.

Furaha yenyewe haikudumu. Leo watu wanatoka mpaka Apple Valley kuja kuitazama sarafu iliyofutika. Wanasema ni ishara. Wengine wanapiga magoti. Mume wake ameinunulia kabati la kioo na taa ndani. Zangu zina sura zote, tena safi, na hakuna anayeziulizia. Nami nitasema nini, kwamba muujiza wake umetoka mdomoni mwangu?

Kwa hiyo wewe, ukimbeba mtu usiyemjua akuulize unataka nini, usitaje kitu cha mwenzako. Taja chako, hata kama ni kidogo. Mimi kila tukisali kwa Mama Kevin napanga foleni kuitazama kazi yangu mwenyewe, na watu wa nyuma wananiambia nisogee.