Shimo la Upande wa Kulia

Katika biashara yetu, mwenzangu ndiye aliyekuwa na pua. Mimi nilinunua mikungu ya ndizi Ekerenyo na kuiuza Mosocho. Yeye aliivisha shimoni nyumbani kwake, akinusa moshi na kujua saa ya kufungua. Ini lilipomwangusha na hospitali ikamrudisha nyumbani, aliniita mbele ya mkewe, akasema nafasi yake aichukue huyo mke. Moyoni nilishapanga kutafuta mwanamume mwingine, na nilijiona mjanja.

Mvua ilikuwa imejaza maji shimo la zamani. Nikachukua jembe, nikachimba jipya palipoinuka, kulia kwa mlango wake, ili alione kutoka kitandani. Shimo lilikuwa limenifika kiunoni mama yake aliporudi kutoka kuchuma majani chai. Kapu likamdondoka.

"Mwanangu bado anapumua," akasema, "na wewe unamchimbia?"

Nimehudhuria mazishi mangapi vijijini humu, na bado nilisahau kwamba mwanamume huzikwa upande huo! Nililitazama shimo. Lilikuwa la urefu wa mwenzangu kabisa. Kwanza niliona aibu, kisha nikaogopa, nikaparamia kutoka. Nilitaka kulifukia papo hapo, lakini mama akakataa. Shimo kama hilo halirudishiwi udongo mtupu, alisema, litamngoja mwenyewe.

Dirishani tukasikia kicheko chembamba cha mgonjwa.

"Tieni ndizi humo, basi. Shemeji yako ataziivisha."

Mkewe akatandika majani ya mgomba, akapanga mikungu, akatia moshi, akafunika. Kila asubuhi alichomoa jani penye tundu la moshi, akampelekea mumewe anuse, kisha akanusa yeye. Mimi nilisimama mlangoni nimenuna. Siku ya nne tulifungua. Ndizi zote zilikuwa za manjano, isipokuwa mkungu mmoja upande wa kichwani, kijani kibichi kana kwamba ulikatwa asubuhi ile.

"Huo ni wangu," alisema tulipomwambia. "Uacheni hapo hapo."

Tukaufunika. Akafa siku ya tatu, bila kuniuliza tena habari ya mkewe, na hilo lilinichoma kuliko kama angenisihi.

Ukoo uliamua azikwe palepale, kwa kuwa ardhi ilikwisha kufunguliwa. Asubuhi ya mazishi, wachimba kaburi walipoondoa majani, walirudi nyuma wote. Mkungu ulikuwa umeiva kuanzia juu hadi chini, hauna hata doa. Mjane akashuka shimoni mwenyewe, akainama, akaunusa kwa muda mrefu.

"Umeiva leo," akasema.

Hakuna aliyebisha, hata mama mkwe wake. Nilinyoosha mikono nikaupokea. Ulikuwa na joto, kama kitu kilichotoka kitandani sasa hivi.

"Shemeji," nikamwambia, "ukimaliza matanga, tukutane Ekerenyo, tununue mikungu."